Soda za Wageni na Mguu Wenye Hogo

Ingia wodi ya mifupa saa ya kuona wagonjwa, kisha tupa jicho kwenye vikabati vya kando ya vitanda. Soda mbili tatu, juisi ya boksi, kopo la glukosi. Mwenye kitanda ni kijana aliyeanguka na bodaboda, mguu umefungwa hogo, na kutwa nzima kazi yake ni kulala chali na kunywa. Kama mtu wa lishe, vikabati hivyo hunisumbua kuliko ugali wa wodini.

Soda ya mililita 350 hubeba sukari ya gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai. Nusu yake ni glukosi, nusu fruktosi. Glukosi huingia kwenye damu, na mteja wake mkubwa ni msuli. Msuli unaofanya kazi huivuta hata kama insulini, homoni inayoziamuru seli zipokee sukari, ni kidogo, kwa sababu vibebaji viitwavyo GLUT4 hutoka ndani ya seli na kupanda kwenye ukuta wake kuipokea. Msuli ukilala, navyo hubaki ndani. Mzigo wote huangukia insulini, na insulini yenyewe huanza kupuuzwa.

Wala haichukui miezi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, Naomi Hamburg na wenzake wa Boston waliwalaza kitandani watu 22 wenye afya njema kwa siku 5. Walipowapa glukosi baadaye, miili yao ilitoa insulini zaidi ya awali kwa asilimia 67. Hawakuvunjika mfupa wala hawakuwa na kisukari. Walilala tu!

Fruktosi, kwa sehemu kubwa, humalizwa na ini. Ini lina ghala dogo la glikojeni, yaani sukari ya akiba, takriban gramu 100, na kwa mtu asiyetumia nguvu ghala hilo hujaa upesi. Kinachozidi hugeuzwa mafuta: mengine hubaki humo humo, mengine hutolewa kwenye damu yakiwa trigliseridi. Na juisi ya embe iliyokamuliwa nyumbani, kwa mapenzi yote ya shangazi, ini halijui kwamba ni ya nyumbani.

"Lakini inampa nguvu." Ndiyo, nguvu asizo na pa kuzitumia. Mfupa unaounga na paja linalosinyaa vinadai protini na kalsiamu: maziwa, mayai, dagaa, maharage. Kiu ni ya maji. (Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka ghafla ni habari nyingine, huyo soda ndiyo dawa yake.)

Daktari akiruhusu, mikono ifanyishwe kazi baada ya kila mlo. Chupa mbili za maji zilizojaa zinatosha kunyanyua akiwa kitandani, na ule mguu usioumia ukunjwe na kunyooshwa.

Soda zilizokwisha kuletwa wazinywe wageni wenyewe. Wao angalau watatembea hadi kituo cha daladala.