Marko Arnautović: winga aliyehamishiwa kati akiwa na miaka 28

Ukiniuliza ni straika gani ambaye kijana wa miaka 17 anayecheza pembeni anapaswa kumtazama kwa makini, sitaanza na Haaland wala Kane. Nitamtaja Marko Arnautović wa Austria. Najua wapenzi wengi wa Ligi Kuu ya England wanamkumbuka kwa kununa, kwa kadi, na kwa ile ishara yake ya kupishanisha mikono juu ya kichwa kama nyundo mbili za nembo ya West Ham, klabu ya London. Kazi yangu ni kunoa washambuliaji, na kwa jicho la kazi hiyo naona kitu kingine: mchezaji aliyetumika zaidi pembeni kwa miaka mingi, akahamishiwa kati akiwa na miaka 28, na leo ndiye mfungaji bora wa muda wote wa taifa lake.

Alizaliwa Vienna tarehe 19 Aprili 1989, baba Mserbia na mama Mwaustria, akakulia Floridsdorf, ng'ambo ya mto Danube. Akiwa kijana alizunguka klabu kadhaa za mji huo kabla ya Twente ya Uholanzi kumchukua mwaka 2006. Sifa zake zilionekana mapema: urefu wa sentimita 192, miguu yote miwili inafanya kazi, chenga za mtu mfupi kwenye mwili wa beki wa kati. Mchanganyiko huo ulimfungulia milango haraka, na pia ulimchelewesha. Kocha akimwona mtu mrefu namna hiyo anapiga chenga, hushawishika kumpeleka kwenye mstari wa pembeni, kwa sababu huko ndiko chenga huonekana kwa urahisi. Anasahau kuuliza mtu huyo atafika golini mara ngapi.

Mwaka 2009 Inter Milan ikamchukua kwa mkopo. Alifika akiwa na jeraha la mguu, akacheza mechi tatu tu za ligi, na msimu huohuo timu ya José Mourinho ikabeba mataji matatu: ligi, kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Watu hupita hapo haraka na kusema alisugua benchi. Mimi husimama kidogo, kwa sababu ya Samuel Eto'o. Msimu ule Eto'o, straika halisi aliyetoka Barcelona, alikubali kucheza pembeni ili Diego Milito abaki kati, na mechi kubwa alikuwa akirudi nyuma kukaba kama beki. Kijana wa miaka 20 alikuwa mazoezini kila siku akiona straika anageuzwa winga. Miaka minane baadaye yeye akafanyiwa kinyume chake.

Werder Bremen ilimsajili mwaka 2010. Desemba ya mwaka huo alifunga dhidi ya Inter yenyewe, Bremen wakishinda 3-0 kwenye Ligi ya Mabingwa. Lakini kwa jumla Ujerumani haikumpa alichokitaka: mabao 14 katika mechi 72 za Bundesliga, na mwaka 2013 klabu ikamsimamisha pamoja na Eljero Elia baada ya polisi kuwakamata usiku wakiendesha gari kwa kasi. Septemba ya mwaka huo akahamia Stoke City.

Stoke ya kocha Mark Hughes ndiko wengi wetu tulikoanza kumwona kila wiki. Alicheza kushoto, na mguu wake wenye nguvu zaidi ni wa kulia, kwa hiyo kila mpira alitamani kuingia nao ndani. Tarehe 5 Desemba 2015 Stoke waliifunga Manchester City 2-0. Mabao yote mawili yalikuwa ya Arnautović, na pasi zote mbili za mwisho zilikuwa za Xherdan Shaqiri. Ukiyatazama tena mabao yale utaona jambo moja: mipira ilitoka kulia, naye akamalizia akiwa tayari ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, mbele ya mabeki wa kati. Hakukuwa na chenga hata moja. Yalikuwa mabao ya namba tisa, yaani straika wa kati, na aliyeyafunga alipangwa winga. Msimu huo alimaliza na mabao 11 ya ligi, idadi nzuri kwa mtu ambaye nusu ya nguvu zake ziliishia kumfukuza beki wa pembeni wa timu pinzani.

Hapo kwenye kukaba ndipo lawama nyingi zilipotoka. Winga wa kisasa hukimbia mara mbili: mbele kushambulia, nyuma kumsaidia beki wake. Arnautović kazi ya kurudi nyuma hakuipenda, na ilionekana usoni. Mashabiki walisema mvivu. Naamini tatizo lilikuwa mgawanyo wa nguvu. Mtu wa kilo nyingi na hatua ndefu akikimbia mita 60 kurudi nyuma, mpira ukinyakuliwa yeye bado anahema, na nafasi ya kufunga inapita. Mweke huyohuyo juu kabisa, mwambie awasumbue mabeki wawili tu wa kati kwa mbio fupi za mita 10 au 15, utapata mtu mwingine.

West Ham walimnunua Julai 2017 kwa ada iliyokuwa rekodi ya klabu wakati huo. Mwanzo ulikuwa mbaya: mechi ya pili tu ya ligi, dhidi ya Southampton, alipewa kadi nyekundu kwa kumpiga Jack Stephens kiwiko. Novemba kocha Slaven Bilić akafukuzwa, David Moyes akaingia, timu ikiwa kwenye hali ya kushuka daraja. Moyes hakuwa na straika aliye fiti wa kumtegemea muda wote, na alikuwa na winga mrefu mwenye hasira ambaye hajafunga bao hata moja la West Ham. Akamsogeza kati.

Tarehe 9 Desemba 2017, Chelsea, waliokuwa mabingwa watetezi, walikuja London Stadium. Dakika ya sita Arnautović alipeana pasi na Manuel Lanzini, akapokea mpira ukingoni mwa kumi na nane, na kwa mguu wa kushoto akaupeleka mbali na kipa Thibaut Courtois. 1-0, na ikaisha hivyo. Mimi huwaonyesha vijana kipande hicho na kuwaambia wasitazame shuti kwanza. Watazame anavyoutoa mpira mapema, na kwamba baada ya kuutoa hakusimama. Winga aliyezoea kushika mpira hadi apate nafasi ya chenga hutoa pasi na kutulia kuona itakuwaje. Straika hutoa na kuanza mbio wakati beki bado anauangalia mpira. Ile nusu sekunde ya kuwahi ndiyo iliyomfungulia goli.

Wiki moja baadaye alirudi Stoke, kwa mashabiki waliomzomea kila alipogusa mpira, akafunga tena katika ushindi wa 3-0. Alimaliza msimu na mabao 11 ya ligi na mashabiki wa West Ham wakamchagua mchezaji wao bora wa mwaka. Msimu uliofuata, chini ya Manuel Pellegrini, akaongeza 10.

Nini hasa kilibadilika? Kwanza, mgongo wake. Pembeni, mpinzani humkabili uso kwa uso na mstari wa pembeni unamsaidia beki kama mtu wa pili. Katikati, Arnautović hupokea mpira akimpa beki mgongo, anamzuia kwa makalio na mkono, halafu anageukia upande wowote kwa kuwa miguu yote miwili inapiga. Beki hajui amzibie upande gani. Pili, mbio zake za kutoka kati kwenda pembeni. Alikuwa akivuta beki wa kati hadi kwenye eneo la beki wa pembeni, na huko beki mzito alikutana na mtu aliyeishi miaka mingi mahali hapohapo. Hicho ndicho straika aliyekulia kati tangu utotoni hukikosa mara nyingi, na ndiyo sababu sioni miaka yake ya pembeni kuwa ilipotea. Tatu, hasira. Sitamtetea kwa kila kadi, lakini mabeki wa kati huhitaji mtu wa kuwachokoza dakika zote 90, na yeye aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote.

China naipita haraka. Alikwenda Shanghai SIPG Julai 2019, akafunga, akalipwa vizuri, na miaka miwili ikapita mbali na macho yetu. Kurudi kwake Bologna mwaka 2021, chini ya Siniša Mihajlović, kulinifurahisha zaidi. Akiwa na miaka 32 alifunga mabao 14 ya Serie A katika msimu wa kwanza, idadi kubwa kuliko msimu wowote aliowahi kucheza England. Inter wakamrudisha mwaka 2023. Safari hii alikuwa mzee wa akiba nyuma ya Lautaro Martínez na Marcus Thuram, akapata medali ya ubingwa wa 2024, na tarehe 20 Februari mwaka huo akafunga bao pekee dhidi ya Atlético Madrid kwenye hatua ya 16 bora. Lautaro alipiga, kipa Jan Oblak akaokoa, mpira ukamkuta Arnautović akiwa ameshafika. Mtu aliyeingia kutoka benchi alikuwa amefuata shuti la mwenzake bila kungoja kuona matokeo yake. Mwaka 2025 akahamia Red Star Belgrade, nchi ya asili ya baba yake.

Timu ya taifa ndiyo iliyobeba sura zake zote. Aliichezea Austria mara ya kwanza Oktoba 2008 dhidi ya Visiwa vya Faroe. Kwenye Euro 2020, mechi ya Bucharest dhidi ya Macedonia Kaskazini, aliingia kipindi cha pili akafunga la tatu katika ushindi wa 3-1, ushindi wa kwanza kabisa wa Austria kwenye fainali za Euro. Kisha akashangilia kwa kumtukana mpinzani, UEFA ikamfungia mechi moja, na Austria wakafungwa 2-0 na Uholanzi bila yeye. Aliomba radhi, lakini gharama ilibebwa na wenzake. Dhidi ya Italia pale Wembley alipachika kichwa wavuni, uwanja mzima ukaamini, VAR, yaani mwamuzi wa video, ikasema ameotea kwa kiasi kidogo mno. Italia wakashinda 2-1 katika muda wa nyongeza, na baadaye wakatwaa kombe.

Bao ninalolipenda kuliko yote katika maisha yake ya soka hakulifunga yeye. Euro 2024, Berlin, 21 Juni, Austria na Poland wako 1-1. Alexander Prass anapiga pasi ya chini kuelekea ukingo wa kumi na nane. Mpira unamfuata Arnautović. Anajipanga kama anataka kuupiga, beki anamfuata, halafu anaachia upite katikati ya miguu yake hadi kwa Christoph Baumgartner aliyekuwa nyuma yake, peke yake. Bao. Kwenye orodha ya takwimu hakuna pasi ya mwisho iliyoandikwa kwa jina lake. Dakika chache baadaye akafunga penalti, 3-1, na timu ya kocha Ralf Rangnick ikaja kuongoza kundi lenye Ufaransa na Uholanzi. Arnautović wa Bremen mpira ule angeupiga mwenyewe, sina shaka.

Tarehe 9 Oktoba 2025 mjini Vienna, Austria waliifunga San Marino 10-0, ushindi mkubwa zaidi katika historia yao. Arnautović alifunga manne na kufikisha mabao 45, moja zaidi ya Toni Polster, ambaye rekodi yake ilidumu tangu mwaka 2000. Kuna watakaosema San Marino si kipimo. Ni kweli mpinzani alikuwa dhaifu, lakini mabao 41 ya kabla ya siku ile hayakuwa ya San Marino peke yake, na rekodi kama hii hujengwa kwa kuitika wito wa taifa miaka 17 mfululizo, pamoja na majeraha na makocha waliokuja na kuondoka. Novemba alifunga mawili mengine ugenini Cyprus. Siku tatu baadaye Austria walikuwa nyuma kwa Bosnia mbele ya mashabiki wao wa Vienna, hadi Michael Gregoritsch aliposawazisha dakika ya 77. Sare hiyo ya 1-1 ikawapa tiketi ya Kombe la Dunia la 2026 kwa mara ya kwanza tangu 1998, kundi moja na Argentina, Algeria na Jordan.