Kantata ya ushuhuda: kwaya inapobeba maneno ya manusura

Mtajie mwanakwaya wa kwetu neno "ushuhuda", naye ataona picha moja: dada amesimama mbele ya kanisa, amesema "Bwana asifiwe", ameeleza alivyougua, alivyoombewa na alivyopona, kisha makofi, kisha pambio. Ushuhuda huo una mwisho mwema, na usingekuwa nao asingesimama. Naanzia hapo kwa sababu ndipo tunapopotea tunaposikia kwaya za Ulaya na Marekani zikiimba kuhusu Maangamizi ya Wayahudi, ambamo Wanazi na washirika wao waliua Wayahudi wapatao milioni 6. Ushuhuda wa huko ni ule wa mahakamani. Mtu anasema alichokiona, mahali alipokuwa, nani alikuwa pembeni yake. Hakuna anayeitikia amina.

Kantata, kwa kifupi, ni utunzi wa vipande kadhaa kwa ajili ya kwaya, waimbaji wa peke yao na ala, usioigizwa jukwaani. Inakuwa kantata ya ushuhuda pale maneno yake, yote au sehemu kubwa, yanapotoka kwa waliokuwepo: mahojiano ya manusura, barua, kumbukumbu walizoandika, hata nyimbo walizotunga wakiwa katika kambi za mateso za Wanazi. Haifanani na misa ya wafu, maana haiombi roho ya mtu ipumzike. Haifanani pia na wimbo wa msiba, ambao unaweza kuuimba leo kwa Mzee Fulani na kesho kwa jirani yake. Humu ukibadilisha jina la kambi, umeuharibu utunzi.

Ugumu wake ni huu. Ushuhuda hutolewa na mtu mmoja, na kwaya ni watu arobaini. Yule mmoja alisema "niliona". Hawa arobaini, waliozaliwa miaka mingi baadaye, wakiimba "tuliona", wamedanganya. Kwa hiyo watunzi wengi humpa msomaji maneno ya manusura ayasome kwa sauti ya kawaida, bila madoido, na kwaya hupewa kazi nyingine: kuitikia, kunyamaza, au kuimba kile ambacho wafungwa wenyewe walikiimba.

Nyimbo hizo zilitufikiaje? Nyingi zilitoka kichwani mwa mtu mmoja. Aleksander Kulisiewicz, kijana wa Poland aliyesomea sheria, alikamatwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, na kukaa zaidi ya miaka 5 katika kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin. Hakuwa Myahudi. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu, na wafungwa wenzake wakawa wanampelekea nyimbo na mashairi yao ayahifadhi mahali pasipopekuliwa. Baada ya kukombolewa 1945, akiwa mgonjwa hospitalini, alimtamkia muuguzi nyimbo na mashairi hayo, naye akapiga taipu mamia ya kurasa.

Miongoni mwa aliyoyahifadhi upo wimbo wa Rosebery d'Arguto, Myahudi wa Poland aliyekuwa akifundisha kwaya za wafanyakazi mjini Berlin, na ambaye pale kambini aliunda kwaya ya siri ya wafungwa wa Kiyahudi. Aliuchukua wimbo wa zamani wa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, unaosimulia ndugu kumi wafanyabiashara: mmoja anakufa wanabaki tisa, mwingine anakufa wanabaki wanane, mpaka anabaki mmoja. D'Arguto aliugeuza, ndugu wakawa wanaelekea kwenye vyumba vya gesi ya kuulia watu. Unaanza kwa "bom, bom" ya chini. Sisi wa besi tunaijua kazi hiyo: wenzako wanabeba maneno, wewe unabeba bom-bom, na mara nyingi unaona kama umepunjwa. Katika wimbo huu bom-bom ndiyo saa inayohesabu. Mwaka 1942 Wayahudi wa Sachsenhausen walipelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji huko Poland, na d'Arguto hakurudi. Kulisiewicz alikuwa amemwahidi kwamba akipona atauimba duniani. Aliuimba, na gitaa lake, mpaka uzeeni. Alifariki 1982.

Karatasi zake sasa ziko katika jumba la makumbusho ya Maangamizi mjini Washington. Humo ndimo mwongozaji wa kwaya Donald McCullough alimochota alipoandaa kantata yake ya 1998, yenye kwaya, piano na selo. Kati ya wimbo na wimbo, mtu anasimama na kusoma simulizi ya aliyekuwa mfungwa. Ndani yake kuna hata tango, muziki wa dansi kabisa, na wasikilizaji hushtuka. Lakini wafungwa hawakuwa na muziki maalumu wa kambini. Walikuwa na ule waliokuja nao, nao ulikuwa wa dansi.

Njia nyingine inatoka Terezín, geto, yaani mtaa wa kufungia Wayahudi, lililokuwa katika nchi inayoitwa leo Czechia. Mwongozaji Rafael Schächter aliwafundisha wafungwa wenzake misa ya wafu ya Verdi, mtunzi wa Italia, kwa Kilatini, kutoka nakala moja tu ya nota. Wengi waliishika kwa masikio. Kila waimbaji wakipelekwa Auschwitz, alikusanya wengine na kuanza upya. Tangu 2002 Murry Sidlin, mwongozaji wa Marekani, amekuwa akiipiga misa hiyohiyo huku kati ya vipande zikionyeshwa filamu za manusura walioiimba chini ya Schächter, wakieleza. Hapo muziki haukutungwa kwa ajili ya ushuhuda, ila huwezi tena kuusikia bila ushuhuda.

Utunzi uliotangulia yote haya ni mfupi, dakika kama 7 hivi. Arnold Schoenberg, mtunzi Myahudi wa Vienna aliyeikimbia Ujerumani 1933, aliuandika Marekani mwaka 1947, na jina lake ni "Manusura wa Warsaw", yaani mji mkuu wa Poland. Msimulizi haimbi wala hasemi kawaida. Sauti yake inapanda na kushuka katikati ya hayo mawili. Anasimulia kwa Kiingereza, ila sajenti anapofoka, anafoka kwa Kijerumani. Wafungwa wanaamriwa wajihesabu ili ijulikane ni wangapi wa kupelekwa kwenye gesi. Hesabu inaanza polepole, inakosewa, inarudiwa, inaongeza kasi mpaka inakuwa kama farasi waliotoroka. Muda wote huo kwaya ya wanaume imesimama, kimya. Kisha ghafla inaimba, kwa Kiebrania, maneno ambayo msomaji wa Biblia anayajua kutoka Kumbukumbu la Torati sura ya 6: "Sikiza, Ee Israeli."

Wakosoaji wana hoja. Warsaw haikuwa na vyumba vya gesi, na simulizi hiyo si ya mtu mmoja. Schoenberg aliiunganisha kutokana na habari zilizomfikia. Kwa kipimo cha mahakama, shahidi huyo angebanwa. Mimi naona jambo moja linamwokoa: msimulizi anaanza kwa kukiri kwamba hawezi kukumbuka kila kitu. Aliyewahi kukaa na mtu aliyenusurika, Kigali au kwingineko, anajua kwamba habari za kweli mara nyingi huanza hivyo.

Utunzi huo uliimbwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Novemba 1948, na wala si New York. Ilikuwa Albuquerque, jimbo la New Mexico, na okestra ya wapigaji wa ridhaa. Mwongozaji wao, Kurt Frederick, alikuwa mkimbizi kutoka Vienna. Katika kwaya walikuwemo wafugaji na wakulima wa mji mdogo wa Estancia, watu ambao Kiebrania hakikuwa lugha yao. Sauti ya mwisho ilipokatika, ukumbi ulikaa kimya. Frederick alisubiri kama dakika moja, akainua tena mikono, wakaupiga wote kutoka mwanzo. Mara ya pili ndipo makofi yakaja.