Programu ya simu haipimwi kwa kuulizwa kama inapendeza

Wengi wanaoanzisha programu za simu hapa Kisumu humwita msanifu, yaani mpangaji wa muonekano na matumizi ya programu, kazi ikiwa imekwisha, wakiamini kwamba jukumu lake ni kuipaka rangi. Ukweli ni kwamba maamuzi mazito hutangulia rangi: nani ataitumia, akiwa wapi, anataka kumaliza shughuli gani, na ni hatua zipi zinaweza kuondolewa. Hata rangi si urembo tu. Miongozo ya kimataifa ya kuwezesha tovuti zisomwe na watu wote, wakiwemo wenye uoni hafifu, hudai tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Anayesoma bei kwenye skrini juani, saa saba mchana sokoni Kibuye, huelewa upesi kwa nini herufi za kijivu hafifu hazifai.

Dhana inayonisumbua zaidi ni ile isemayo kwamba kutafiti ni kuwauliza watu kama wameipenda programu. Mtu wa kwetu hamwaibishi mgeni. Ukimuuliza mama anayeuza omena ufuoni Dunga, "Mama, umeionaje?", atakujibu, "Ni nzuri, mwanangu," kwa kuwa umemwamkia vyema na umetoka mbali. Hiyo ni adabu, na haikuelezi lolote kuhusu programu. Afadhali umpe kazi: "Mama, tuseme mteja amechukua gorogoro mbili kwa deni, niandikie deni hilo humu." Kisha unyamaze. Utaona kidole kikisita, kikirudi nyuma, na pengine mkono ukilitafuta daftari la zamani. Kunyamaza huko ni kugumu, nami nimetamani mara nyingi kumwonyesha mtu kitufe. Lakini ukishamwonyesha, jaribio limekwisha. Vivyo hivyo, usimuulize kama angeitumia kesho. Muulize mara ya mwisho aliandikaje deni, na lililipwaje.

Mfano mkubwa wa kutazama watu wanachofanya tunao hapa nchini. Majaribio ya M-Pesa, yaliyoanza mwaka 2005, yalikusudiwa kuwawezesha wakopaji wadogo kulipa mikopo yao kwa simu. Katika majaribio hayo ilionekana kwamba watu walikuwa wakitumiana fedha kwa shughuli nyingine ambazo hazikuwa kwenye mpango, zikiwemo za kifamilia. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilitangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani.

Wapo wanaoahirisha utafiti kwa kudhani kwamba lazima wapatikane mamia ya watu. Mwaka 1993 watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha kwamba, katika miradi waliyoichunguza, mtu mmoja alidhihirisha kwa wastani karibu asilimia 31 ya kasoro za matumizi. Kwa hesabu hiyo, watu watano hufichua takriban asilimia 85. Hapo nako kumezaliwa dhana nyingine, kwamba watano hutosha daima. Hesabu hiyo huchukulia kwamba watu hao wanafanana. Mchuuzi wa Dunga, mnunuzi wa jumla aliyeko Nakuru na mwendesha bodaboda anayebeba mzigo ni makundi matatu, na kila moja linahitaji watu wake. Aidha, ukitaka kujua ni asilimia ngapi ya wateja wanaoshindwa kulipa, watano hawawezi kukujibu. Hapo ndipo idadi kubwa inapohitajika.

Hatimaye, mtumiaji akikosea huambiwa kwamba anahitaji mafunzo. Tulipokuwa tukituma pesa kwa namba isiyo sahihi, hatukufundishwa upya kusoma tarakimu: M-Pesa ilianza kutuonyesha jina la mpokeaji na kutupa nafasi ya kusitisha. Ndiyo sababu, ninapomwona mtu wa tatu akibonyeza mahali pale pale pasipofaa, naandika mahali hapo katika orodha ya kurekebishwa, na majina ya watu hao siyaandiki kabisa.