Mzuka wako wa sekunde nane zilizopita

Chumba cha mizuka, kwa jinsi ninavyokijenga mimi, hakihitaji shuka jeupe wala mlango unaolia. Kinahitaji kamera, kompyuta ya kuchelewesha picha, skrini iliyofichwa pembeni na kioo. Mgeni anaingia, anapunga mkono, haoni kitu. Mara mtu wa sura yake anatokea mbele yake, anapunga vilevile, naye mwenyewe keshaushusha mkono zamani.

Upande wa kioo ni mbinu ya kale. Mwaka 1862, katika taasisi ya Royal Polytechnic jijini London, John Henry Pepper aliwaonyesha watu mzuka jukwaani, akiendeleza wazo la mhandisi Henry Dircks. Mwigizaji alijificha shimoni mbele ya jukwaa, akamulikwa kwa taa kali, na kioo kikubwa kilichoinamishwa kikaakisi sura yake. Kioo kitupu hurudisha sehemu ndogo tu ya mwanga, mwingi hupita. Kwa hiyo giza ndilo linalofanya kazi. Ukuta wa nyuma naupaka rangi nyeusi isiyong'aa, na hata taa ndogo ya kipaza sauti naiziba, maana mwanga wowote nyuma ya kioo humfifisha mzuka.

Muda una fundi wake. Mwaka 1974 msanii wa Marekani Dan Graham alijenga chumba chenye kuta za vioo, ambamo skrini ilionyesha yaliyotokea sekunde 8 nyuma. Kamera iliona pia kioo kilichoakisi skrini hiyo, basi ndani ya picha mlikuwa na picha ya sekunde 16 nyuma, ndani yake ya 24, na kuendelea. Yeye alitumia mkanda. Mimi natumia kumbukumbu ya kompyuta. Kwa picha 25 kila sekunde, sekunde 8 ni picha 200 zilizopanga foleni.

Ukichelewesha nusu sekunde, watu hudhani mtambo umekwama. Ukichelewesha dakika nzima, wameshaondoka. Kati ya sekunde 5 na 10 ndipo mchezo unapokolea: mtu anaruka, kisha anasogea pembeni ili mzuka wake apate pa kurukia, mwingine ananyoosha mkono hewani, anasubiri, halafu anajisalimia. Watoto hugundua upesi kwamba wanaweza kujikimbiza wenyewe. Kwangu mchezo huo ndio sanaa yenyewe, ndiyo maana sibandiki maelezo ukutani.

Nikitaka mzuka mmoja, naigeuza kamera isione kioo. Nikitaka ukoo mzima, naielekeza palepale.