Maswali na Majibu: Kwa Nini Mfugaji Anayejua Dalili Bado Huchelewa Kumwita Daktari wa Mifugo?

Saikolojia ya kubadili tabia ni nini, na inahusiana vipi na afya ya mifugo?

Ni elimu inayochunguza kwa nini watu hutenda wanavyotenda, na ni mambo gani yakirekebishwa hutenda vingine. Inahusu mifugo kwa sababu magonjwa mengi ya zizini hupitia mikononi mwa binadamu: mkono uliokamua bila kuoshwa, ndama aliyecheleweshewa dang'a (maziwa ya kwanza ya mama baada ya kuzaa), mnyama mgeni aliyechanganywa na kundi siku ileile aliyonunuliwa. Chanjo na dawa zipo, lakini zinahitaji mtu wa kuzitumia kwa wakati na kwa kipimo.

Je, tatizo si ukosefu wa elimu tu?

Mara chache. Wafugaji wengi ninaowahudumia hunitajia dalili za kititi, yaani uvimbe wa kiwele, au za homa bila kukosea, kisha hunionyesha mnyama ambaye amekuwa na dalili hizo kwa siku nne. Mwaka 2011 mwanasaikolojia Susan Michie na wenzake walichapisha mfumo unaosema kwamba ili tabia itokee, mtu anahitaji mambo matatu kwa pamoja: uwezo, fursa na motisha. Elimu ni sehemu tu ya uwezo.

Chukua mfano wa dang'a. Ndama anapaswa kuinywa ndani ya saa sita za kwanza, kwa kuwa nafasi ya utumbo wake kupitisha kinga hupungua haraka na huwa imefungika baada ya takribani saa 24. Mfugaji analijua hilo vizuri, lakini ng'ombe amezaa usiku, ndoo safi imefungiwa stoo, na kijana wa zamu hajaruhusiwa kukamua bila mwenye mali kuwapo. Hotuba nyingine kuhusu faida za dang'a haitamsaidia ndama huyo. Kitakachomsaidia ni ndoo iliyowekwa mahali inapofikika na ruhusa iliyotolewa kabla ya usiku huo.

Mnyama akiacha kula, si afadhali nisubiri siku moja au mbili nione kama atapata nafuu?

Hapana. Usisubiri. Naomba jibu hili lieleweke kuliko mengine yote, kwa sababu kusubiri huku ndiko kunakonifikisha zizini wakati kazi iliyobaki ni ndogo sana.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wa kuwindwa kwa asili, na mnyama wa namna hiyo huficha udhaifu wake kadiri awezavyo. Siku unayoona ameacha kula, ameacha kucheua au amejitenga na wenzake, ugonjwa umeshapiga hatua bila wewe kuuona. Tumbo lililojaa gesi huweza kumwua ng'ombe kwa saa chache. Homa ya maziwa, yaani upungufu wa kalsiamu baada ya kuzaa, huweza kumwua ndani ya siku moja, ingawa ikiwahiwa hutibika vizuri. Kititi kikali huweza kumwua ng'ombe aliyekamuliwa vyema jana yake, na akinusurika huweza kupoteza sehemu ya kiwele moja kwa moja. Hizo siku mbili za kusubiri uone hazipo.

Lakini mara iliyopita nilisubiri, na mnyama akapona mwenyewe.

Nakuamini, na hapo ndipo hatari ilipo. Kila mnyama anayepona bila msaada humfundisha mwenye mali kwamba kusubiri ni tiba, na somo hilo huingia kwa nguvu kuliko maneno ya daktari kwa kuwa halikumgharimu chochote. Gharama ya kumwita mtaalamu ni ya leo na ina uhakika. Hasara ya kutomwita ni ya kesho na haina uhakika, na akili ya binadamu huliona la leo kuwa zito zaidi. Tena tunawakumbuka kwa urahisi waliopona, ilhali aliyekufa huwekwa kwenye hesabu ya bahati mbaya. Chukua daftari, andika kila mnyama aliyeugua, siku ulipoona dalili, siku ulipoita msaada, na mwisho wake. Baada ya mwaka mmoja daftari hilo litakujibu, na jibu lake utalisadiki kuliko langu.

Je, nikimchoma sindano ya antibayotiki iliyobaki wakati nasubiri?

Hapana, na tafadhali sana, hapana tena. Hii ni kusubiri kulekule, ila kumevikwa sura ya matibabu. Mtu hutulia moyoni kwa kuwa amefanya jambo, na utulivu huo humwongezea siku nyingine mbili za kuchelewa. Antibayotiki haiui virusi wala minyoo. Kipimo kilichokadiriwa kwa macho mara nyingi huwa pungufu, na dozi iliyokatishwa mara mnyama anaposimama huacha bakteria wenye nafasi ya kujenga usugu. Sampuli ya maziwa ikichukuliwa baada ya sindano hiyo, maabara inaweza isione mdudu aliyesababisha ugonjwa. Na maziwa ya mnyama huyo hayapaswi kunywewa wala kuuzwa mpaka muda ulioandikwa kwenye dawa uishe, jambo ambalo nalikuta limepuuzwa mara nyingi mno, wakati wanaoyanywa ni pamoja na watoto.

Basi nifanye nini ili siku ikifika nisisubiri tena?

Amua leo, wakati mnyama hajaugua. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu aliyepanga kwa namna ya "likitokea hili, nitafanya lile" hutekeleza zaidi kuliko aliyebaki na nia njema tu. Kwa hiyo usiandike ukutani "tutunze mifugo vizuri". Andika: "Ng'ombe akikataa chakula cha asubuhi, nampima joto hapohapo; likizidi nyuzi 39.5, au likiwa la kawaida lakini hacheui, napiga simu kabla sijaondoka zizini." Andika pia: "Ng'ombe akisukuma kwa nguvu kwa saa moja bila ndama kusogea, napiga simu."

Kisha ondoa vikwazo. Kipimajoto kining'inie mlangoni mwa banda, si ndani ya sanduku la nyumbani. Namba ya daktari iandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Na mtu anayeshinda na mifugo awe na ruhusa ya kupiga simu hiyo bila kuomba idhini, kwa sababu nimekuta wachungaji walioona dalili alfajiri wakanyamaza hadi jioni kwa kuogopa kulaumiwa kwa gharama.

Wakamuaji wangu huchovya chuchu kwenye dawa ya kuzuia kititi kwa wiki moja, kisha huacha. Ni uvivu?

Sidhani. Tabia mpya huchukua muda kuwa mazoea. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulipata wastani wa siku 66, na tofauti kubwa kati ya mtu na mtu, kuanzia 18 hadi 254. Wewe uliacha kufuatilia siku ya saba. Weka kikombe cha dawa palepale ndoo inapotuliwa ili tendo moja likumbushe lingine, na uendelee kukagua kwa miezi, si kwa siku.

Mimi ni mtaalamu wa mifugo. Nikiwatisha wafugaji, hawabadiliki?

Vitisho peke yake humfanya mtu akukwepe, na mfugaji anayekukwepa ndiye atakayekuita mwishoni. Nasema hivi nikijua kwamba na sisi tumechangia ucheleweshaji tunaoulalamikia, kila tulipofika zizini tukaanza kwa kukaripia. Njia ya mahojiano ya kuamsha hamasa, iliyoanzishwa na mwanasaikolojia William Miller mwaka 1983 katika tiba ya ulevi na kuendelezwa naye pamoja na Stephen Rollnick, sasa hutumika pia katika mazungumzo ya madaktari wa mifugo na wafugaji. Muulize mfugaji kinachomkera zaidi zizini, na kilichomzuia kupiga simu jana. Msikilize mpaka amalize. Sababu atakayoitaja mwenyewe ndiyo itakayomsukuma.

Ng'ombe wangu hajala tangu jana jioni, na sasa ni asubuhi. Nifanye nini?

Piga simu sasa, kabla ya kumaliza kusoma. Ukiwa unamngoja daktari, mtenge mnyama kivulini, mwekee maji safi, pima joto na uliandike pamoja na saa. Kagua kiwele na maziwa, tazama kinyesi, na uangalie kama ubavu wa kushoto umevimba. Ukiwa umevimba, piga simu tena na ulitaje hilo kwanza. Usimnyweshe chochote kwa nguvu na usimchome dawa yoyote. Akifa ghafla huku damu ikitoka puani, mdomoni au nyuma, usimpasue wala usimchune, kwa kuwa huenda ni kimeta, ambacho huua na watu. Wazuie watu na mbwa wasimkaribie mpaka daktari afike.