Taji la maigizo kwa kichwa kilichonyolewa

Msimu wa mahafali ya shule za awali na maigizo ya Krismasi unapokaribia, walimu na wazazi wa hapa Moshi huniletea kazi moja kuliko zote: taji la malkia kwa ajili ya jukwaani. Wengi wao huwa wamekwisha kununua taji la plastiki dukani, wakakuta kwamba mtoto analishikilia kwa mkono mmoja tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Taji hilo halina kasoro. Limetengenezwa kwa ajili ya nywele ndefu, kwa kuwa meno yaliyo kwenye miisho yake hukusudiwa kuzama ndani ya nywele zilizokusanywa, ilhali wanafunzi wetu walio wengi hunyolewa. Kwa sababu hiyo, mimi huanza na swali la namna taji litakavyoshika kichwani, na mambo ya rangi na mng'aro hufuata baadaye.

Taji ninaloeleza hapa si duara kamili. Ni upinde unaoanzia nyuma ya sikio moja, unapita juu ya paji la uso na kuishia nyuma ya sikio la pili, kilele chake kikiwa katikati. Pima njia hiyo kwa uzi juu ya kichwa cha mtoto mwenyewe, kwa maana vichwa vya watoto wa umri mmoja hutofautiana. Kwa mtoto wa miaka 5 au 6 sipendi kilele kizidi sentimita 5, kwani kadiri taji linavyorefuka ndivyo uzito unavyohamia juu, na mtoto akiinama kuwasalimu wageni linamwangukia machoni.

Kiunzi hukitengeneza kwa waya wa shaba wenye unene wa milimita 1, na mapambo huyafunga kwa waya mwembamba zaidi, wa milimita 0.4 hivi. Mafundi wa kusuka mota huwa na mabaki ya waya wa aina hiyo, na rangi yake ya wekundu wa dhahabu inatosha hata bila kupakwa chochote. Usipoupata, waya wa kufungia nondo unafaa, ila ni laini mno ukiwa mmoja. Zungusha nyuzi mbili pamoja zipate ugumu, kisha upulizie rangi ya dhahabu nje ya nyumba, tabaka jembamba baada ya jingine, kabla ya kufunga hata ushanga mmoja.

Kunja karatasi katikati, chora nusu ya taji, kata, kisha ifungue: hapo utapata pande mbili zinazolingana bila kutegemea jicho. Laza waya juu ya mchoro huo ukianzia kwenye kilele, upinde kwa koleo kuelekea kushoto na kulia kwa zamu. Shaba huwa ngumu kila inapopindwa, na sehemu inayopindwa na kunyooshwa mara kwa mara hatimaye hukatika. Ndiyo maana ninasisitiza karatasi itangulie waya. Miisho yote miwili igeuzwe kuwa vitanzi vilivyofungwa vizuri, ncha zikitazama nje ya kichwa na kufunikwa kwa uzi.

Sasa shanga. Zile ndogo za kioo ambazo mama wa Kimasai hufumia mikufu, za ukubwa wa namba 11, zina upana wa milimita 2 hivi, na tundu lake halipitishi waya wa kiunzi. Chukua waya mwembamba wa sentimita 30, telezesha ushanga hadi katikati, kunja waya, kisha shika ushanga wenyewe na uuzungushe hadi nyuzi mbili zikazane chini yake bila kuacha mwanya. Simama hapo, maana mzunguko mmoja wa ziada huukata waya. Acha nafasi, ongeza ushanga mwingine pembeni, na tawi litaanza kuota. Tawi likikamilika, lifunge kwenye kiunzi kwa kulizungushia waya wake wenyewe.

Kwa vito vikubwa, pitia soko la mitumba la Memorial hapa Moshi utafute hereni zisizo na wenzake na bruchi, yale mapambo ya kubana kwenye nguo, zilizovunjika pini. Vito vya plastiki visivyo na rangi hufifia chini ya taa, lakini vina dawa ya zamani. Masonara wa Ulaya wa karne ya 18, wakati Georges Frédéric Strass alipojipatia jina jijini Paris kwa almasi za kioo, walikuwa wakiweka karatasi nyembamba ya metali nyuma ya kito ili irudishe mwanga mbele. Karatasi ya fedha inayofunika chokoleti hufanya kazi hiyohiyo. Masonara hao pia walifunga maua ya vito juu ya springi ndogo ili yatetemeke mvaaji anapotembea. Zungusha waya mwembamba kwenye msumari mara tano au sita, uuvue, na springi unayo. Moja tu kwenye kilele inatosha, kwani zikizidi hunaswa kwenye nguo.

Gundi ya moto siiamini juu ya metali tupu. Ikipoa hubanduka kwenye waya laini kama ganda la ndizi, na juani hulegea. Zungushia uzi wa pamba mahali pa kugundisha kwanza, gundi ipate pa kung'ang'ania, na kazi hiyo aifanye mtu mzima.

Mwisho, viringisha utepe wa kitambaa kwenye upinde wote, shona kipande chembamba cha sponji upande wa ndani panapogusa paji la uso, kisha pitisha lastiki ya cherehani kwenye vile vitanzi viwili. Lastiki ipite chini ya kisogo, mahali kichwa kinapoingia ndani, wala si chini ya kidevu, na iwe fupi kwa sentimita 2 kuliko nafasi inayoziba. Mwambie mtoto ainame, aruke na atikise kichwa. Taji likisogea, usikimbilie kukaza lastiki, kwa kuwa itamuumiza kabla ya onyesho kwisha. Ongeza sponji, na likiendelea kusogea, punguza shanga za juu.