Samadi nayo inachafua maji

Juzi nimeambiwa tena: "Mtaalamu, mimi situmii kemikali, natumia samadi tupu. Maji yangu hayana shida." Aliyesema hivyo alikuwa amesimama kando ya lundo la samadi, na kijimfereji cheusi kilichotiririka kutoka humo kilikuwa kimekaribia kisima chake. Nilichovya karatasi ya kupimia nitrati kwenye ndoo ya maji ya kisima hicho. Yalikuwa maangavu, hayana harufu. Haikupita dakika, karatasi ikawa ya waridi iliyokolea: nitrati ilikuwa nyingi.

Mmea hauli samadi. Vijidudu vya udongoni huivunja, naitrojeni iliyomo ikawa amonia, kisha nitrati, na nitrati hiyo haitofautiani hata kidogo na ile ya mbolea ya dukani. Ina chaji hasi, na chembe za mfinyanzi nazo zina chaji hasi, kwa hiyo udongo hauishiki. Mvua ikizidi, inateremka nayo hadi maji ya chini ya ardhi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita, kwa ajili hasa ya watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni vizuri. Tafadhali msichemshe mkidhani mnaiondoa. Maji yanapungua, nitrati inabaki palepale.

Tena samadi huendelea kuachia naitrojeni hata baada ya mavuno, shamba likiwa tupu, hakuna mzizi wa kuidaka.

Linaloniuma zaidi ni fosforasi, kirutubisho kingine kilichomo kwenye samadi, maana hata wenzangu kazini wanairuka. Ukipima samadi kwa kuangalia naitrojeni inayotakiwa na zao, fosforasi inakuwa imezidi mahitaji. Mwaka wa kwanza udongo unaishika. Mwaka wa kumi umeshiba, na kila mvua inaondoka na sehemu yake kwenda kulisha mwani. Agosti 2014, karibu watu nusu milioni wa Toledo, Marekani, walikatazwa kunywa maji ya bomba kwa sababu ya sumu ya mwani wa Ziwa Erie. Fosforasi iliyoulisha ilitoka zaidi mashambani, ya mbolea ya viwandani na ya samadi pia.

Sasa niseme jambo ambalo kwenye semina hatulisemi. Ukanda wa majani kando ya mto, ambao nimeuhubiri miaka yote, unazuia tope vizuri, lakini nitrati inayopita chini ya mizizi hauigusi, na ukishajaa fosforasi unaweza kuanza kuiachia. Kupunguza kutifua udongo nako: katika bonde la ziwa hilohilo tope lilipungua, ila fosforasi iliyoyeyuka ikapanda tangu katikati ya miaka ya 1990. Mbolea kuachwa juu ya udongo bila kufukiwa ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Bado naushauri ukanda, lakini siuiti tena dawa.

Lundo liwe mbali na kisima, mahali pasipotuama maji, lifunikwe. Samadi imwagwe zao likiwa tayari kuitumia, ifukiwe, na isimwagwe mawingu yakiwa yametanda. Udongo upimwe fosforasi kabla ya kuongeza.

Yule bwana alihamisha lundo wiki ileile. Nitrati iliyokwisha kuzama itaendelea kufika kisimani kwa muda mrefu, kwa hiyo maziwa ya mtoto wake sasa yanakorogwa kwa maji ya kwingine.